Baba ana demenshia na amevunjika nyonga: nusu kaputi, sindano ya mgongo, au apewe kwanza cha kumtuliza?

Swali nililotumiwa nalifupisha hivi. Dada mmoja baba yake ana miaka 79, mwaka wa tatu huu kumbukumbu inapotea, yuko kwenye dawa ya kumbukumbu inaitwa donepezili, watoto wake bado anawajua ila ikifika jioni anakuwa mkali na anadai arudishwe nyumbani wakati yuko nyumbani kwake. Jana kaanguka bafuni kavunjika nyonga, sasa yuko wodini na madaktari wanataka kumpasua. Mjomba anasema nusu kaputi itamalizia akili iliyobaki, wakazanie sindano ya mgongo. Shangazi anasema mzee asipasuliwe kabisa. Na dada mwenyewe anauliza, kwa vile baba anahangaika sana pale kitandani, si waombe apewe dawa ya kumtuliza kabla hajaingizwa thieta?

Dada yangu pole sana. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kulaza watu usingizi thieta, na wazee wa nyonga nakutana nao karibu kila wiki, wengi wao wana kusahau kama kwa baba yako, kwa hiyo ntakujibu kwa urefu kidogo manake umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo matatu.

Nianze na la shangazi sababu hilo halisubiri. Nyonga iliyovunjika ukiiacha haitulii, kila akigeuzwa kubadilishiwa shuka ni kilio, hapo hapo kifua kinaanza kujaa kwa kulala chali, vidonda vya mgongoni vinaanza, damu inaganda miguuni, na ubongo ambao tayari umechoka unakaa usiku na mchana kwenye maumivu na dawa kali za maumivu, na hivo vyote vinamchanganya mzee kuliko saa moja au mbili za thieta. Kwa wagonjwa wengi wa nyonga operesheni yenyewe ndo dawa ya maumivu, na inatakiwa ifanyike mapema, ndani ya saa 36 mpaka 48 hivi kama hakuna kitu kikubwa cha kurekebisha kwanza. Wapo kweli wazee ambao kuwapasua ni kuwatesa, mtu ambaye siku zake zimeshaisha na ndugu wote wanaliona hilo, huyo anapewa ganzi na dawa za maumivu anaachwa apumzike. Lakini baba yako kwa maelezo yako alikuwa anaenda bafuni kwa miguu yake. Huyo mimi ningempasua, na nisingengoja.

Sasa mjomba. Hofu yake msiicheke, ni ya siku nyingi na ina msingi. Mwaka 1955 daktari mmoja wa Uingereza, Bedford, aliandika kwenye jarida la The Lancet habari za wazee ambao familia zao zilikuwa zinalalamika jambo lile lile, kwamba mzee toka apasuliwe hajawa yule yule. Yeye lawama alizielekeza kwenye dawa za usingizi. Baadae, mwaka 1998, watafiti wa nchi kadhaa wakatoa majibu ya kupima akili za watu wa miaka 60 kwenda juu kabla na baada ya operesheni kubwa, wakakuta baada ya wiki moja karibu asilimia 26 wameshuka, na baada ya miezi mitatu waliobaki chini ni kama asilimia 10, wakati wenzao ambao hawakupasuliwa walikuwa kwenye asilimia 3 hivi. Na hapo ujue wenye demenshia hawakuingizwa kwenye hesabu toka mwanzo, yani wale walianza wakiwa timamu. Baba yako anaanzia chini zaidi, akiba yake ya ubongo ni ndogo, kwa hiyo yeye uwezekano wa kuchanganyikiwa ni mkubwa kuliko wa hao.

Ila ambacho tumekuja kukielewa ni kwamba dawa ya usingizi sio mkosaji peke yake, na saa ingine sio mkosaji mkubwa. Mfupa ukivunjika mwili wote unaingia kwenye vita, kisu kikipita vita inaongezeka, na kemikali za hiyo vita zinafika mpaka ndani ya ubongo. Ongeza damu iliyopotea, kukaa na njaa na kiu akingoja thieta, kutolala, wodi ngeni, sura ngeni, mpira wa mkojo. Mzee aliyepigwa nusu kaputi na mzee aliyechomwa mgongo wote wanabeba huo mzigo sawa sawa. Ndo maana tafiti zilipokuja kuwalinganisha tofauti iliyotegemewa haikuonekana. Ule wa REGAIN uliotoka 2021, Marekani na Kanada, watu 1,600 wa nyonga, nusu wakachomwa mgongo nusu wakalazwa usingizi, waliochanganyikiwa baada ya operesheni walikuwa asilimia 20.5 upande wa mgongo na 19.7 upande wa usingizi. Watu wakasema ahaa, wale wa mgongo wengi walipewa pia cha kuwasinzisha, ndo maana. Mwaka uliofuata ukatoka wa China unaitwa RAGA, watu 950 wa miaka 65 kwenda juu, na hapo waliochomwa ganzi hawakupewa cha kusinzisha, wakapata asilimia 6.2 kwa ganzi na 5.1 kwa usingizi. Bado hakuna mshindi.

Kwa hiyo mjomba mwambieni kwa upole kwamba sindano ya mgongo ni njia nzuri na mimi mwenyewe naipenda, lakini sio kinga ya akili. Kuchagua kati ya hizo mbili kunategemea mambo mengine: mapafu yakoje, moyo una valvu iliyobana au hauna, anatumia dawa za kuyeyusha damu (hizo zinaweza kuzuia kabisa kuchoma mgongo), na je ataweza kulala ubavu bila kuruka wakati sindano inaingia. Hayo mwachieni daktari wa usingizi aamue akiwa amemuona. Nguvu zenu msizimalizie kwenye mabishano ya mgongo au nusu kaputi, zipo sehemu ambazo mkiweka nguvu mtambadilishia baba mambo kweli.

Ya kwanza ni kina cha usingizi. Hili familia nyingi hawalijui, kwamba mtu anaweza kuchomwa mgongo halafu juu yake akawekewa dawa ya usingizi, propofoli, kwenye mshipa mpaka anakoroma, yani mmekwepa nusu kaputi mlangoni ikaingilia dirishani. Kuna daktari Marekani, Sieber, na wenzake walichukua wazee 200 wa nyonga wote wakachomwa mgongo, nusu wakasinzishwa sana nusu wakasinzishwa kidogo tu, majibu yakatoka 2018. Kwa jumla tofauti haikuwa ya maana, asilimia 39 walichanganyikiwa kwa waliosinzishwa sana na 34 kwa waliosinzishwa kidogo, lakini wale ambao hawakuwa na magonjwa mengine mazito, kwao kusinzishwa sana kuliongeza uwezekano mara mbili. Mimi hapo nachukua tahadhari bila kungoja utafiti mwingine, sababu kusinzisha kidogo hakuna hasara yoyote kwa mzee anayetulia.

Na wengi wanatulia kuliko mnavyofikiri. Nina mzee mmoja simsahau, demenshia yake ilikuwa imeenda mbali, wodini aliandikwa ni msumbufu. Tulimchoma kwanza ganzi ya kwenye kinena, ile inayofisha mishipa ya fahamu ya mbele ya paja, tukangoja dakika ishirini, ndipo tukamgeuza ubavu tukachoma mgongo bila kelele. Kifaa chake cha kusikia tulikiacha sikioni, nesi akakaa upande wa kichwa ndani ya lile pazia akamshika mkono akawa anamuuliza habari za ng'ombe wake, na mzee akawa anamtajia mmoja mmoja kwa jina na kwa rangi, akimaliza anaanza upya. Operesheni nzima hakupewa tone la kusinzisha. Alivyorudi wodini alikuwa vile vile alivyoondoka.

Na akilazimika kulazwa usingizi kamili msiogope, unaweza kufanywa vizuri sana. Kwenye umri ule dozi zinashuka, gesi ya usingizi mahitaji yake yanapungua kama asilimia 6 kwa kila miaka kumi baada ya 40, propofoli ya kuanzia ambayo kijana anapewa miligramu 2 mpaka 2.5 kwa kilo mzee anapewa 1 mpaka 1.5 na mara nyingi chini ya hapo, tena polepole, manake damu yake inazunguka taratibu, ukiona hajalala ukaharakisha kuongeza unakuja kuyaona yote kwa pamoja presha ikiwa imeshadondoka. Presha kushuka muda mrefu ndo kitu ninachokichunga kuliko chochote. Zipo mashine za kubandika kwenye paji la uso zinazosoma mawimbi ya ubongo zikakuonyesha usingizi umeenda chini kiasi gani. Tafiti zake hazikubaliani, mmoja wa 2019 wenye watu zaidi ya 1,200 haukuona kupungua kwa kuchanganyikiwa, mwingine wa kabla yake uliona. Mimi ikiwepo naibandika, inanisaidia nisizidishe.

Sasa hili la kumtuliza kabla, dada, hapa nakuomba unisikilize sana. Msiombe. Na akitokea mtu akataka kumpa ulizeni kwanza ni dawa gani na kwa nini.

Dawa za jamii ya Valium, yani diazepamu, lorazepamu, na midazolamu tunayoitumia sana thieta, kwa mzee mwenye demenshia ni sumu ya akili. Hazimpi usingizi wa kweli, zinamfutia hata ile kumbukumbu kidogo aliyobaki nayo, zinamlegeza koo na pumzi, na wengine badala ya kutulia ndo zinawapandisha wazimu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nililetewa mzee wa aina hiyo, anapiga kelele hataki kulala ubavu, orodha ya siku ndefu, daktari wa upasuaji ameshanawa anangoja. Nikampa midazolamu, dozi ndogo tu nilivyoona mimi. Akatulia kweli. Akatulia mpaka taya likadondoka na oksijeni ikaanza kushuka, nikashika barakoa namsaidia kupumua mpaka akarudi. Operesheni iliisha salama ila siku mbili zilizofuata hakumjua mke wake. Yule mama alikaa pembeni ya kitanda ameshika miwani ya mumewe mkononi, kila nikipita ananishukuru. Alikuwa hajui nilichofanya, mimi najua. Toka hapo mzee akipiga kelele swali langu la kwanza ni anaumwa wapi.

Manake kuhangaika kwa baba yako kuna sababu na sababu hiyo mara nyingi inapatikana. Ana mfupa uliovunjika na hawezi kukwambia "naumia", maneno hayamjii, kwa hiyo anavuta dripu, anapiga, anataka kushuka. Ombeni hiyo ganzi ya kinena apewe mapema hata leo akiwa bado wodini, pamoja na paracetamoli ya muda kwa muda sio mpaka alie. Muangalieni uso, anakunja? anapumua kwa kasi? anang'ang'ania kitu? ukimshika mkono ukaongea nae anatulia au hatulii? Hivo ndivo hata sisi tunavyopima maumivu kwa mtu ambaye hawezi kusema. Halafu kibofu, kajaa mkojo au hajajaa? Ana kiu? Siku hizi maji meupe yanaruhusiwa mpaka yabaki masaa mawili kabla ya usingizi, chakula ndo masaa sita kabla, kwa hiyo kumkausha mzee toka jana yake usiku halafu operesheni ikasogezwa mchana sio sahihi, ulizeni.

Midazolamu sio peke yake. Zipo dawa ambazo watu wanazichukulia za kawaida kabisa kumbe kwa huyu hazifai, prometazini ya kuzuia kutapika na "alale usiku", klorfeniramini ya mafua na muwasho, atropini inayopanda mpaka kwenye ubongo, pethidini ya maumivu. Ukitaka kuelewa kwa nini, ubongo wa kumbukumbu unatumia kemikali inaitwa asetilikolini, kwa mwenye demenshia imepungua, na donepezili anayomeza baba kazi yake ni kuizuia isiharibike haraka. Hizo dawa za kundi la prometazini na atropini zinaizuia isifanye kazi, kwa hiyo asubuhi mnajaza ndoo na usiku mtu anaitoboa. Ya kutapika apewe ondansetroni. Ya presha na moyo na thairoidi aendelee kama daktari atakavyopanga.

Na donepezili yenyewe msimuachishe kwa siri mkidhani mnamsaidia. Inakaa mwilini muda mrefu, kupungua nusu tu inachukua kama saa 70, kwa hiyo kuacha jana yake hakubadilishi kitu, na kuiacha wiki kadhaa akili inaweza kushuka na isirudi ilipokuwa. Kikubwa daktari wa usingizi ajue anaitumia, kwa sababu inapunguza mapigo ya moyo, na inagongana na dawa zetu za kulegeza misuli, suksamethoniamu inaweza kukaa muda mrefu kuliko kawaida na zile nyingine zikahitaji dozi tofauti. Akijua mapema ni jambo dogo. Akigundua mzee ameshalala inakuwa jambo lingine.

Ipo dawa moja ya kutuliza ambayo mtaisikia, deksimedetomidini, inaleta usingizi unaofanana zaidi na wa kawaida na mtu anaamshika. China mwaka 2016 waliwapa wazee 700 waliopasuliwa na kuwekwa chumba cha wagonjwa mahututi, dozi ndogo sana usiku kucha, waliochanganyikiwa wakapungua kutoka asilimia 23 hadi 9. Tafiti nyingine zilizoitumia kwa namna nyingine hazikuona faida hiyo. Inashusha presha na mapigo, na baba yako tayari donepezili inamshushia mapigo, kwa hiyo ni dawa ya mikono yenye uzoefu na mashine ya moyo pembeni. Ketamini nayo watu waliisifia, utafiti wa 2017 ukaonyesha haipunguzi kuchanganyikiwa baada ya operesheni na inaongeza ndoto mbaya na kuona vitu visivyokuwepo.

Nije kwenye kitu ambacho kwangu mimi ndo kikubwa kuliko vyote nilivyoandika, na ni cha kwenu sio cha kwetu. Mimi namuona baba yako dakika kumi kabla ya thieta. Anaumwa, ana dawa za maumivu, hana miwani, hana meno yake. Nitajuaje huyu ndo yeye au huyu ameshachanganyikiwa tayari? Naweza kumpa kale kakipimo kadogo, nimtajie maneno matatu ayashike, nimwambie achore saa, halafu nimuulize yale maneno, alama ziko tano na akipata chini ya tatu najua akili ina shida. Lakini hicho kipimo hakiniambii juzi alikuwaje. Wewe ndo unajua. Kwa hiyo kaa chini uandike kwenye karatasi, kabla ya kuanguka alikuwa anafanya nini mwenyewe, anavaa? anajua siku? anashika maongezi mpaka mwisho? jina gani ukimwita anaitika haraka, anaogopa nini, nini kinamtuliza, ule ukali wa jioni unamuanza saa ngapi. Karatasi hiyo bandikeni kwenye faili na nakala nyingine juu ya kitanda. Mtu asiyejua baba yako wa kawaida yukoje hawezi kujua kama ameharibika, atasema tu "si ana demenshia huyu" na kitu kitampita.

Andika humo pia kama alishawahi kuona watu au wanyama ambao hawapo, kama anatetemeka, kama anatembea kwa kuburuta na mwili umekakamaa. Kuna aina ya demenshia inayokuja na hizo dalili, ya Lewy, na Parkinson nayo ni ndugu yake, na hao wakipewa haloperidoli ya kutuliza au metoklopramidi ya kuzuia kutapika wanaweza kukakamaa vibaya sana. Andika kama kila usiku anameza kidonge cha usingizi au anakunywa pombe hata kidogo, msione aibu, vikikatwa ghafla navyo vinaleta kuweweseka.

Baada ya operesheni sasa. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, sisi tunaita deliriamu, mara nyingi kunaanza kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kunapanda na kushuka, asubuhi yuko sawa jioni hayupo. Watu wanangoja yule wa kupiga kelele. Yule wa kimya ndo anayeachwa. Nilishakuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, siku ya pili baada ya nyonga wodi nzima inamsifu kwa utulivu. Mjukuu wake akaja kunitafuta akaniambia, daktari, bibi leo nimesema maneno mabaya makusudi na hajanisahihisha. Nikaenda. Nikamwambia bibi nitajie miezi kutoka mwisho kwenda nyuma. Akasema Desemba, akasema Novemba, akanyamaza, macho yakaenda dirishani hayakurudi. Tulipomkagua kibofu kilikuwa na karibu lita nzima ya mkojo na kwenye kadi kumbe usiku alipigwa prometazini ili alale. Tukatoa mkojo, tukafuta ile dawa, mjukuu akawa analala pale kwenye kiti. Siku ya nne alimsahihisha.

Kwa hiyo mkiona amebadilika, awe mkali au awe kimya, semeni neno hili hili kwa nesi, "huyu sio kawaida yake, ameanza jana jioni", na dai watafute sababu: maumivu, mkojo, choo kigumu, oksijeni, damu imeshuka, chumvi za damu, sukari, kifua kimeanza kujaa, dawa mpya kwenye kadi. Kumfunga mikono kitandani kunazidisha. Dawa ya kutuliza kama haloperidoli ni ya mwisho kabisa, pale tu anapohatarisha maisha yake au ya mwingine, dozi ndogo na muda mfupi, na sio kwa wale wa Lewy na Parkinson niliowataja.

Kinachozuia ni vitu ambavyo havina sindano. Marekani mwaka 1999 walitoa majibu ya mpango wa wodini, wazee wa miaka 70 kwenda juu, wakawa wanawakumbusha siku na mahali walipo, wanawainua watembee, wanawapa miwani na vifaa vya kusikia, maji ya kutosha, usiku wanawaacha walale bila kuamshwa amshwa. Waliochanganyikiwa wakawa asilimia 9.9 badala ya 15. Hawa hawakuwa wa operesheni lakini ubongo wa mzee ni ule ule, na mengi kati ya hayo familia inaweza kuyafanya. Mpira wa mkojo utolewe mapema. Akae kwenye kiti siku ya kwanza ikiwezekana.

Kuhusu ruhusa, baba mwenyewe aulizwe. Kuwa na demenshia hakumfanyi asiwe na sauti, mara nyingi mtu anashindwa kuelewa jambo gumu jioni lakini asubuhi ametulia ukamwambia "mguu umevunjika, tunataka kuutengeneza usiume, sawa?" anakujibu. Mwambieni daktari aje saa zake nzuri. Akishindwa kabisa kuelewa, nyie kazi yenu inakuwa kusema yeye angetaka nini, sio nyie mnataka nini, na hapo mjomba na shangazi wakae chini wajibu hilo swali moja. Kama aliwahi kusema huko nyuma akiwa mzima kuhusu kuwekewa mashine au kushtuliwa moyo ukisimama, semeni kabla ya thieta.

Na kweli yote niiseme, hata tukifanya kila kitu sawa anaweza kuchanganyikiwa, wengi wanarudi ndani ya siku au wiki, wengine hawarudi mpaka pale walipokuwa. Sintokuahidi. Ila kati ya mzee ambaye ndugu zake walikuja na ile karatasi na ambaye alikuja peke yake na faili, naiona tofauti toka siku ya kwanza.

Siku ya operesheni kifaa cha kusikia na miwani mpeni nesi wa thieta mkononi, msibaki navyo kwenye mkoba, mwambieni mnataka baba avikute akifungua macho. Donepezili yake ya asubuhi ameze na maji kidogo kama daktari hajasema vingine. Na jioni ya kwanza, kabla giza halijaingia, sio baada, mmoja wenu ambaye anamjua kwa sauti awe ameshakaa pale kwenye kiti.